Makuti ya Mume Wangu

Mume wangu alitajirika kwa makuti. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu yeye mwenyewe, alipokuwa diwani wa mji wa Tanga, alilisahau.

Alikuwa akiyanunua Pangani kwa wanawake walioyasuka vibarazani mwao, akiyaleta mjini kwa lori. Alipotaka kunioa alikwenda Mabawa kwa mama yangu, mjane, akakuta paa linavuja. Kesho yake alirudi na fundi na shehena ya makuti, akapanda juu mwenyewe, akaezeka nyumba nzima bila kutaka hata senti. Mama akaniambia, "Mwanamume aliyekusitiri na mvua, usimkatae." Sikumkataa.

Kisha Wazungu wakamteua kwenye baraza la mji, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alishonesha koti. Akaanza kuyaita makuti uchafu, akaunga mkono amri kwamba nyumba zote za kando ya barabara kuu ziezekwe bati, kwa kuogopa moto, la sivyo zibomolewe. Nyumba ya mama ilikuwa kando ya barabara hiyo.

Nilimwomba ampe mama mabati. Uwezo alikuwa nao. Wakati huo duka lake lilikuwa mabati matupu. Akanijibu kwamba diwani akianza na mkwewe, watu watasema anajipendelea. Nililia, nikamtukana, nikahamia chumba cha wanangu mwezi mzima. Nilimchukia, na sioni haya kuyaandika haya.

Siku ya kubomoa hakwenda. Alisema ni aibu mtu kukabiliana na mkwe wake. Heshima hiyo aliikumbuka! Akaacha askari na vibarua waende. Mama alitoa vyombo vyake mwenyewe, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akitazama paa lake likishushwa. Kwangu alikataa katakata kuja. Akarudi Pangani kwa dada yake, na mwaka haukwisha akafa.

Mume wangu alikuja mazikoni na koti lake. Jua lilikuwa kali, na majirani walikuwa wamejenga banda uani ili wanaume wakae. Nilimwona kupitia dirisha akiketi, akijifuta jasho, akiwashukuru kwa kivuli.

Nikatoka ndani, nikasimama mbele ya wanaume wote.

"Toka hapo," nikamwambia. "Hayo ni makuti."

Alitoka. Akasimama juani mpaka jeneza lilipoinuliwa.