Mtani alinyakua tufe la marehemu mke wangu, ikabidi nijifunze kuchagua tufe la spea ili niligomboe

Wakuu, habari za jioni.

Naandika polepole, mnivumilie. Elimu yangu ni darasa la saba na kioo cha simu kimepasuka. Lakini haya nitakayosema ni kama yalivyotokea, na pale nilipojiaibisha sijapafuta.

Mimi ni mtu wa Tabora, naendesha mashine ya kukoboa mpunga. Mwaka huu nimefiwa na mke wangu, Mwajuma. Aliugua muda mfupi tu. Huko sitaingia, uzi huu ni wa tufe.

Kwanza niwaeleze, maana najua kuna atakayeuliza bowling Tabora imetoka wapi.

Hapa mjini kuna familia ya Waarabu wenyeji, wafanyabiashara tangu babu zao. Godauni lao lilikaa tupu miaka mingi. Mama mwenye mali, Bi Salma, akaamua kuweka bowling humo. Njia mbili tu, za mitumba, zilizotolewa kwenye hoteli moja Dar. Pini zimefungwa kamba, zikianguka mashine inazivuta juu na kuzisimamisha tena. Hakuna bia, ni soda na juisi.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Pini kumi zinasimama mwisho wa njia, unazibiringishia tufe kwa mitupo miwili. Ukiangusha zote kwa mtupo wa kwanza ni straiki. Zikibaki, ukazimaliza kwa mtupo wa pili, hiyo ni spea.

Mwajuma alikuwa anauza sambusa na juisi ya ukwaju mlangoni hapo. Wateja wakipungua, anaingia anatupa. Mwishowe akawa hodari wa spea kuliko wanaume wote wa pale. Bi Salma akampa tufe moja kuukuu, la zambarau lenye mawingu meupe. Sisi tunaita tufe, kama lile la michezo ya shule, ila hili lina matundu matatu ya vidole.

Mimi sikuwahi kwenda kumwona akicheza. Jioni mtu wa mashine ana vumbi hadi kwenye kope.

Sasa msiba.

Siku ya pili, watu wako kwenye turubai, akaja Kondo. Kondo ni Mzaramo, fundi magari, ameishi hapa muda mrefu, naye ni mcheza bowling. Kwa wasiojua: sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Mtani akija msibani ana ruhusa ya mambo ambayo mwingine angepigwa. Anamuigiza marehemu, anawatania wafiwa, ananyakua kitu cha marehemu mpaka mwenye msiba akigomboe.

Kondo alipita moja kwa moja hadi ndani. Akatoka amejifunga kanga ya Mwajuma na tufe kalikumbatia.

"Nipisheni! Njia namba mbili inanisubiri, na sambusa zinaungua!"

Akatembea. Hatua fupi fupi, halafu moja ndefu ya kuchuchumaa. Akapuliza kwenye tundu la dole gumba. Akaliambia tufe, kwa sauti ya Mwajuma kabisa, "Nenda moja kwa moja, usigeukegeuke kama Mzaramo aliyesikia harufu ya pilau."

Wakuu, turubai lote lilicheka. Wanawake waliokuwa wanalia wakawa wanacheka na kulia pamoja. "Ndiye! Ndiye huyo huyo!" Hata shangazi yake, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu mazishi, alicheka akaomba maji.

Mimi sikucheka.

Ule mwendo sikuujua. Kupuliza tundu sikukujua. Ule utani wa pilau sikuwahi kuusikia. Watu wote pale walimtambua mke wangu, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja nikawa kama mgeni anayetafsiriwa.

Mjomba wake akasimama kugomboa. "Mtani, chukua jogoo, uache tufe."

"Jogoo wenu mmemlisha pumba za mashine ya huyu hadi kakonda, simtaki," Kondo akasema. "Mwenye msiba mwenyewe aje godauni. Asimamishiwe pini moja, ile ya kona ya kulia aliyokuwa anaionea mkewe. Akiiangusha, achukue tufe. Asipoiangusha, nalala nalo."

Neno hilo la kulala nalo watu walilicheka sana. Mimi nilikuwa natazama dole gumba lake. Liliingia kwenye tundu kama mguu kwenye kiatu chake. Na Mwajuma alikuwa na vidole vyembamba.

Hapo ndipo wivu uliponiingia.

Baada ya arobaini nikaenda godauni. Nikamsalimia Bi Salma, "Shikamoo." "Marahaba baba, pole na msiba." Nikajifanya nauliza juu juu, lile tufe nani alilitoboa matundu. Akasema bila kufikiri, "Si Kondo? Aliziba ya zamani akatoboa mapya kwa drili ya gereji. Alimpima Mwajuma mkono hapo hapo ulipokaa."

Nikahama kile kiti.

Nitasema ukweli. Jambo la mke wangu kushikwa mkono na kupimwa kidole kwa kidole lilinikaa kifuani siku nyingi. Mashine inanguruma, mimi nawaza uzi gani alitumia kumpimia. Mpunga wa watu ulitoka na chenga.

Mtupo wangu wa kwanza nilichagua tufe kwa hasira. Nilichukua zito kuliko yote pale.

"Baba, hilo hata vijana wa gym wanalikwepa," Bi Salma akaniambia.

Nikasema mimi nabeba magunia. Kondo alikuwepo, kanyoosha miguu. Nikalitupa, likaniponyoka mapema, likaanguka kwa kishindo, likaingia kwenye mfereji wa pembeni hata nusu ya njia halijafika.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi kwetu," Kondo akasema, "wewe tufe limekushinda hatua nne! Au mpaka nikuwekee kata ya mzigo kichwani?"

Wiki iliyofuata nikafanya kosa lingine. Nikaomba tufe lake mwenyewe Kondo, jeusi, la bei, kwa sababu tu lilikuwa lake. Nilitaka nimshinde kwa silaha yake. Lile tufe ngozi yake inakamata sakafu. Yeye analizungusha, linaenda pembeni halafu linakata kona na kuzivamia pini zote kumi katikati. Nami nikalielekeza kona ya kulia. Likaenda vizuri, likakaribia, halafu likageuka kushoto kama limeitwa. Pini ikabaki imesimama inanitazama.

Bi Salma alinionea huruma. Yule mama hachezi, lakini ameangalia watu wakicheza kila siku.

"Sikiliza," akasema. "La Kondo ni la kuvunja kundi. Pini moja haivunjwi, inafuatwa. Chukua la plastiki gumu lenye kung'aa. Halishiki sakafu, halina mbwembwe, linaenda ulikolituma. Uzito uwe ule ambao mkono unaning'inia wenyewe, bega halipandi. Na tundu la dole gumba lisikubane, lisikuachie. Likibana unachelewa kuachia, tufe linavutika. Likilegea unalikamua kwa vidole, linayumba."

Nikajaribu ya plastiki yote yaliyokuwa kwenye rafu. Uzito nikaupata, lakini matundu yakawa hayaniingii. Magunia yamenivimbisha dole gumba.

"Basi upimwe," akasema Bi Salma. "Mpimaji ni yule pale."

Nilikaribia kuondoka, wakuu. Lakini nikakaa.

Kondo akaja, mikono ina grisi. Akachukua mkono wangu, akanyoosha uzi kutoka dole gumba hadi kidole cha kati, akauma uzi kwa meno kuweka alama. Muda wote ananitania kwamba vidole vyangu ni ndizi za kuchoma. Ilikuwa ni jambo la kupimwa tu, kama fundi anavyopima bolti. Lakini moyo wangu haukutulia. Nikamwuliza pale pale, sauti ikanitoka vibaya.

"Na yeye ulimpima hivi hivi?"

Utani ukamkauka. Akaenda kwenye begi lake, akarudi na lile tufe la zambarau.

"Tia dole."

Nikatia. Likaingia, likakaa. Vidole vya juu vilibana kidogo, lakini dole gumba lilienea kana kwamba nimezaliwa nalo humo.

"Nilimwambia Mwajuma tundu hili kubwa, litakusumbua," Kondo akasema. "Akasema toboa hivyo hivyo, mume wangu ana dole nene, siku akija asikose pa kushika. Yeye alikuwa anajizungushia plasta dole kila akicheza. Mimi dole langu nene kama lako, ndiyo maana linaingia. Hakuna lingine, mtani."

Ile plasta nilikuwa naiona nyumbani. Nilidhani kajikata na kisu cha vitunguu.

Mtadhani wivu uliishia hapo. Haukuisha, ulibadilika tu ukawa mkali zaidi. Maneno hayo mazuri kuhusu mimi alimwambia nani? Alimwambia Kondo. Fundi magari alikuwa ametembea nayo mfukoni muda wote huo, nami mwenyewe sina.

Nikakubaliana na Kondo nitumie tufe lile lile kuligomboa. Akasema hakuna sheria inayokataza, mateka anaruhusiwa kujiokoa. Akanifundisha kusimama upande wa kushoto na kuvuka njia kuelekea kona ya kulia, maana ukisimama kulia unapita ukingoni mwa mfereji na huna pa kukosea. Nilipokosea alinitukana, nilipopatia alinitukana zaidi.

Ikafika Jumapili ya kugomboa, baada ya alasiri. Mjomba alikuja, shangazi alikuja, majirani wakakaa kwenye viti vya plastiki. Pini moja ikasimamishwa kona ya kulia, peke yake.

Nimeshasimama, Kondo akaanza kunivuruga, kama haki yake. Kanga kiunoni, hatua fupi fupi, moja ndefu, akapuliza hewani. "Baba fulani, ukikosa leo unapika mwenyewe!"

Watu wakacheka. Mimi nikashusha tufe.

"Rudia," nikamwambia.

"Acha kuchelewesha, tupa!"

"Rudia, Kondo. Miguu sikuiona vizuri."

Kondo akarudi mwanzo wa njia, akatembea tena, taratibu, bila mzaha wowote. Hatua fupi, fupi, fupi. Ndefu. Mguu wa kulia ukavutwa nyuma kidogo. Niliutazama mwendo ule kama mtu anayeelekezwa njia ya kwao. Alipomaliza, alikuwa anajifuta uso na pindo la kanga.

Nikatupa. Sikupuliza tundu, hilo ni lake Mwajuma. Tufe likavuka njia bila haraka, likaigonga pini katikati ya tumbo.

Shangazi alipiga kigelegele mpaka sauti ikakatika.

Kondo akafungua kanga, akaikunja vizuri, akalichukua tufe kwenye mashine ya kurudishia, akanikabidhi vyote viwili kwa mikono miwili. "Basi, mtani. Umegomboa. Kuanzia leo nakoma kumuigiza. Aliyegombolewa anaachwa apumzike."

Hilo sikuwa nimelifikiria, wakuu. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kumnyang'anya. Sikujua kwamba siku nikishinda, ule mwendo nao unaisha. Nimesimama na tufe mkononi, kitu nilichokitaka tangu msibani, na mtu pekee anayeweza kunionyesha mke wangu akitembea amekwisha kuvua kanga.

Nikamwambia, "Lichukue tena."

Akatikisa kichwa. "Mtani hapewi."

Kweli, mtani hapewi. Mtani ananyakua.

Nikaliweka tufe sakafuni, kanga juu yake. Nikageuka, nikawa natazama friji la soda. Nilitazama zile chupa kwa makini, kama mtu anayechagua. Kisha nikasikia miguu ya mtu anayekimbia, na mlango.

"Wanyamwezi wazembe nyie!" Sauti ilikuwa tayari iko nje barabarani. "Ndivyo mnavyolinda mzigo?"

Huo ndio mkasa wangu. Liko kwake hadi leo, na Jumapili naenda kujaribu kuligomboa. Wakati mwingine pini inaanguka, wakati mwingine haianguki. Ikianguka, nageuka.

Nilichojifunza kwa anayetaka kuanza: tufe la spea ni la plastiki, linyooke, uzito wa wastani, tundu la dole lako wewe. Usichague kwa kumtazama mtu unayemwonea wivu. Na ukiwa na mke anayekusimulia jambo jioni, oga upesi ukamsikilize.

Wivu bado ninao. Umepungua makali, ila nisiwadanganye kwamba umeondoka.

Karibuni mchangie, hasa mnaojua utani wa makabila. Je, kitu kilichogombolewa kinaruhusiwa kunyakuliwa mara ya pili? Mjomba anasema hapana. Wazaramo mliomo humu nanyi semeni, ingawa jibu lenu nalijua.