Mashine Kama ya Shemeji

Tangazo lilinifikia kwenye simu nikiwa ofisi ya walimu, na kabla sijalimaliza kulisoma roho yangu ilikuwa imeshanunua. Mashine ya kuendeshea baiskeli ndani ya nyumba, punguzo karibu nusu ya bei, mwisho Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Muuzaji alikuwa Dar es Salaam na aliahidi kuupakia mzigo kwenye basi la Masasi. Picha niliitambua mara moja. Ilikuwa mashine ileile, hadi rangi yake, iliyokaa sebuleni kwa shemeji yangu ikininyang'anya mtoto kila siku saa kumi jioni.

Wenzangu ofisini niliwaambia naitaka kwa ajili ya presha. Mke wangu nilimwambia ni kwa ajili ya kitambi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na wivu, tena wivu wa kumwonea mwanamume mwenzangu, na ulikuwa umenikaa kooni tangu mvua zianze.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa amemaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia, bado anasubiri chuo. Anaendesha baiskeli za mashindano, na mwaka ule alikuwa amechaguliwa kwenda kushindana mkoani. Baiskeli nilimfundisha mimi. Alikuwa darasa la pili, kwenye uwanja wa shule ninayofundisha, nami nikikimbia nyuma yake nimeshika siti mpaka kandambili zikakatika. Hadithi hiyo nimewasimulia watu wengi ambao hawakuniuliza. Alipokua alizoea kutoka alfajiri, anakwenda mpaka Chiungutwa na kurudi kabla sijanywa chai. Kisha bodaboda ikamgonga. Alichubuka bega tu, lakini mama yake akasema barabarani basi. Ndipo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipoagiza ile mashine bila kumshauri mtu.

Mashine yenyewe si kubwa. Unafungua gurudumu la nyuma la baiskeli, unaipachika pale, unaiunganisha na runinga, na barabara inatokea mbele yako. Barabara ikipanda, pedeli zinakuwa nzito zenyewe. Ikishuka, zinakuwa nyepesi. Shemeji ana duka la dawa za mikorosho, na wakati wa mvua hakuna anayepulizia, kwa hiyo saa kumi jioni yeye yuko nyumbani kwake amejinyoosha. Mimi saa kumi nina madaftari.

Halafu kuna suala la ujomba. Kwetu sisi, Wamakonde wa Newala, na kwa wakwe zangu Wamakua wa Lukuledi, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno ambalo baba hulisikia tu. Binti alipochezwa unyago, aliyeitwa kukaa na wakubwa ni mjomba wake. Siku akichumbiwa, barua itapita kwake. Mimi mwenyewe ni mjomba. Watoto wa dada yangu kule Kitangari hawaendi popote bila kunipigia, nami hutoa maagizo kwa sauti nzito na kupenda sana kusikilizwa. Sijawahi hata siku moja kumuuliza baba yao anajisikiaje. Sasa nilikuwa najua, na sikutaka kumpigia simu kumwambia.

Binti alikuwa akirudi magharibi, nywele zimelowa, anakula sahani mbili, na kila sentensi inaanza na mjomba. Mjomba kasema nipunguze chumvi. Mjomba kasema nilale mapema. Chumvi hiyo nilikuwa nimemwambia mimi mwaka mzima. Nilianza kutafuta makosa ya yule bwana: anavyovuta chai kwa kelele, anavyovaa kaptura mbele ya wageni. Kanisani alipopita mbele kwenda kutoa sadaka, nilimtazama miguu nikaridhika kuona ni myembamba.

Alhamisi nilikwenda kwake kuikagua mashine. Nilisema nimepita kusalimia. Binti alikuwa amemaliza mazoezi, akaniamkia, akanipa maji. Shemeji akaniuliza kama ningependa kujaribu. Nikasema sisi tuliokulia Kitangari hatutishwi na baiskeli, na nilisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

Sikusema uongo. Utotoni kwetu maji tulifuata bondeni, chini kabisa ya mlima. Ulifunga madumu manne kwenye baiskeli, na ulipoanza kupanda ulishuka, ukashika usukani kwa mkono mmoja na siti kwa mwingine, ukaegemeza bega, ukasukuma mpaka juu. Sikumbuki mtu aliyepanda mlima ule na maji akiwa ameketi. Nilifanya hivyo kwa miaka tisa.

Dakika ya kwanza niliendesha vizuri, hata nikamtupia binti jicho. Kisha barabara ikainuka runingani na pedeli zikaanza kugoma. Sikufikiri. Nilishuka, nikashika usukani kwa kushoto, siti kwa kulia, nikaegemeza bega na kusukuma kwa nguvu zangu zote. Mpira uliotandikwa chini ukajikunja, mashine ikaserereka juu ya vigae, ikaenda kugonga meza ya runinga. Runinga ikazimika. Mimi nilikuwa bado nasukuma.

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akajifuta machozi na kusema, "Shemeji, mlima wa kwenu umekufuata mpaka huku."

Binti hakucheka. Alikuja akanishika mkono, akasema taratibu, "Baba, hii haisukumwi." Afadhali angecheka. Huruma ya mtoto wangu, mbele ya mtu yule, iliniuma kuliko vicheko vyote vya shemeji. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilimwandikia muuzaji kwamba naichukua, aniwekee, pesa atapata kabla ya muda kwisha.

Kesho yake mke wangu aliniita kwa jina la binti yetu, kama anavyoniita siku zote. Jina lenyewe naliacha, tuseme Baba Fulani.

"Baba Fulani, hiyo mashine ni ya nani?"

"Ya nyumba."

"Nyumba inaendesha baiskeli?"

Akaendelea kuchambua mchele wake. "Kabla hujalipa, kamuulize mwenyewe."

Nilimkuta binti uani anapaka cheni mafuta. Nilimuuliza kama nikileta mashine kama ile ya mjomba wake, mazoezi atafanyia hapa nyumbani.

"Baba, pesa hiyo usiitumie hivyo."

"Sijakuuliza habari za pesa."

Alizungusha pedeli kidogo, akaitazama cheni inavyopita. "Mashine nitaishukuru, baba. Ila kule mjomba anakaa."

"Anakaa vipi?"

"Anakaa tu. Ananiangalia mpaka nimalize. Mlima ukija ananyamaza, mteremko ukija ananikumbusha maji. Nikiwa peke yangu huwa naacha katikati. Kwenye mashindano siwezi kuacha katikati."

"Na mimi nitakaa."

"Haya, baba."

Haya hiyo naijua. Ndiyo ninayowajibu wazazi wanaoniahidi kwamba wiki ijayo watakuja shuleni kuangalia maendeleo ya watoto wao. Nilirudi ndani nimenuna, nikakaa kitandani, na nikiwa pale nikaamua jambo. Jumamosi ningekwenda kukaa. Nikiweza kukaa kama anavyokaa yule, ningenunua mashine, na mtoto angerudi nyumbani. Nisipoweza, basi.

Jumamosi ni siku yangu ya shamba. Nina mikorosho kule Newala, na magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Niliwapigia vibarua nikawaambia siji. Saa kumi kasoro robo nilikuwa mlangoni kwa shemeji, mimi na binti. Hakuuliza kitu. Karibu na mashine palikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mto, akakisogeza akanipa, kama mtu anavyopaswa kumpa shemeji yake. Yeye akasimama akiegemea mlango wa kutokea uani.

Binti akaanza. Dakika kumi za mwanzo zilikuwa tamu. Nilimwona mtoto wangu alivyo na mgongo imara, nikajisifu kimoyomoyo. Dakika ya kumi na tano nikaona kalenda ya ukutani imepinda, nikainuka kuinyoosha. Nikakaa. Simu ikatetemeka, ni kundi la walimu wanabishana kuhusu zamu. Nikasoma, nikaandika mstari mmoja, nikasoma tena majibu. Nilipoinua kichwa binti alikuwa katikati ya mlima, ametoa meno, nami nikamuuliza kama ameshasikia chochote kutoka chuoni. Alijaribu kunijibu, pumzi ikamkatika, mguu ukapoteza mwendo.

Shemeji aliweka kidole mdomoni. Hakunifanyia kwa dharau. Alifanya hivyo bila hata kunitazama, maana macho yake yalikuwa kwa binti, kama ya mtu aliyebandika maziwa jikoni. Nikatulia, nikaacha kumwangalia binti, nikamwangalia yeye. Dakika ishirini nzima hakugusa simu, hakujikuna, hakubadilisha mguu. Barabara iliponyooka alilegeza mabega. Iliposhuka akasema "maji," kwa sauti ndogo, na binti akanywa. Hapo ndipo wivu uliponishika kwelikweli. Mashine ningeweza kuinunua. Siku zote nilikuwa nimedhani namwonea wivu kwa kuwa nacho, kumbe ni kwa kuweza kukaa.

Simu ikatetemeka tena mapajani. Alikuwa muuzaji, anauliza kama bado naihitaji, kuna mteja mwingine anasubiri. Niliigeuza kifudifudi bila kumjibu, nikajilazimisha kutazama. Zilibaki dakika tano. Nilizitazama zote tano, bila kupepesa, na nilitaka mtu aone.

Binti alimaliza akalala juu ya usukani, jasho likidondoka kwenye vigae. Kisha akainua uso, anacheka, anatafuta wa kumwonyesha. Nilikuwa mbele yake kwenye kiti, karibu naye kiasi cha kuguswa. Macho yake yakanipita, yakaenda mlangoni, kwa mjomba wake.