Ya Mnyama Gani

Muuza dawa za mifugo pale Kilosa hakumpa mtu kitu kabla ya kuuliza, "Ya mnyama gani?" Aliuliza kwa sauti ya chini, kidole gumba kikisugua ukingo wa mizani, kisha jibu akaliandika juu ya mfuko kwa kalamu nene: NGURUWE, MBUZI, KUKU. Wafugaji wavaa shuka hakuwauliza. Kwao mkono ulikwenda wenyewe kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe. Nashipai, naye mvaa shuka, aliliona hilo miaka yote, na kwa kuwa ng'ombe alikuwa nao, halikumsumbua. Julai hii baridi iliwashika kuku wake wa nyama, wakawa wanalundikana na kukanyagana hadi kufa. Jirani akamshauri awachanganyie madini kwenye chakula. Nashipai akatoka kwake Msowero hadi dukani, akaomba madini, akapewa mfuko usioandikwa kitu. Unga ulikuwa ule ule wa ng'ombe wa siku zote, lakini yeye alijua madini ni madini, akachanganya bila kubania, maana ng'ombe hulamba mpaka atosheke mwenyewe. Kuku wakanywa maji mpaka wakavimba, wakafa.

Siku ya tatu alirudi dukani. Muuzaji aliinua macho, akaona shuka, mkono ukazama kwenye gunia lile lile. Nashipai akafungua kanga, akalaza kuku mmoja mfu, aliyekauka, kwenye sahani ya mizani. Mkono ukatoka taratibu, mweupe kwa chumvi, ukatafuta kalamu.

"Mama, ya mnyama gani?"

"Wamekwisha wote," Nashipai akasema, "ndiyo leo unaniuliza."