Mjumbe Kwenye Kiti cha Kinyozi

Kinyozi niliyegawana naye chumba cha kazi alikuwa mtu wa mji ule mwingine, na machoni pangu hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Mimi ni msusi, mzaliwa wa hapa. Tulitenganishwa na pazia: kwangu draya na nywele za bandia zilizoning'inia ukutani, kwake kioo, mashine ya kunyolea, chupa ya spiriti na kiti kimoja kilichochanika ngozi. Pazia halizuii maneno, na maneno sote wawili tulikuwa nayo.

Nchi yetu ina miji mikubwa miwili isiyopendana. Wao wanasema sisi tunatembea kama tunafukuzwa, tunakula tukiwa wima, na jirani akifa tunajua kwa harufu. Sisi tunasema wao wakianza kusalimiana asubuhi, jua linatua bado wanaulizana hali ya mbuzi. Kwao kuna mitaa yenye vivuli na ofisi ambazo karani ametoka kidogo. Kwetu kuna kazi na kuna vumbi. Timu zetu zikikutana, askari wanaongezwa uwanjani, na mtu wa huko akija hapa anaanza kuchekwa akiwa bado stendi.

Kinyozi alichekwa mpaka akazoea. Tulimpachika jina la Taratibu. Mteja akikaa kitini, yeye alianza na habari za nyumbani, za watoto, za usingizi, ndipo ashike mashine. Watu wa hapa wanataka kichwa kiishe kabla simu haijaita, kwa hiyo walimkimbia, na njaa ikamfunza adabu zetu. Akajifunza kuuliza "Ya kawaida?" na kuanza papo hapo. Akajifunza kupokea simu huku ananyoa. Akajifunza hata kunikatiza nikiongea, jambo ambalo ukoo wao mzima haujawahi kumfanyia mtu. Mara moja alienda kwao likizo, akarudi amenuna.

"Dada, eti kule wananiita Haraka," aliniambia. "Nimemaliza chai nikanyanyuka tu, mama akacheka mpaka akapaliwa."

Huyo mama ndiye alikuwa roho yake. Aliishi na dada mkubwa wa kinyozi, na mwaka ule miguu ilimvimba, pumzi ikawa ya kuhesabu. Kinyozi hakuficha alichokiogopa. "Nisije nikakuta wameshamzika," alikuwa akisema. "Nikikosa kumzika mama yangu, dada, mimi nimekwisha." Hapo ndipo watu wa mji ule waliponishangaza. Sisi wenye mbio tunaweka maiti mochwari hata wiki, tunaunda kamati, tunasubiri ndugu walio mbali. Wao wasio na haraka na lolote duniani, wakifiwa leo, kesho wako makaburini.

Kwa sababu hiyo alipiga simu kila asubuhi kabla ya kufungua. Akisikia dada yake anasema "Tupo," ndipo anashika fagio.

Siku ninayoisimulia pia alipiga. Nilikuwa nachambua nywele, nikamsikia anacheka. "Wapo," akaniambia. "Dada kaniuliza kama nimepata mgeni. Nikamwambia mgeni wangu ni huyu msusi asiye na salamu."

Haukupita muda akasimama mlangoni mwanamume mwenye koti zito na viatu vilivyojaa vumbi. Kinyozi akaruka kwa furaha. Alikuwa binamu yake, mtoto wa mjomba, ametoka kule na basi la usiku. Wakasalimiana. Nilimaliza mstari mzima wa kusuka, bado wanasalimiana. Kisha kinyozi akamkalisha kitini, akamfunga kitambaa shingoni, akamwambia leo atanyolewa na watu walioamka.

Binamu hakucheka. Nilimpa maji, akayashika bila kuyanywa.

"Basi la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Saa sita mchana; huku hakuna la usiku. Kwani nawe umeshaambukizwa? Si umefika sasa hivi?"

"Nilidhani tungeondoka pamoja."

"Mimi nakuja mwisho wa mwezi, nikipata wa kunishikia kazi. Hebu inamisha kichwa."

Akainamisha. Mashine ikaendelea, na utani ukaendelea: kama barabara ya kwao imeshakwisha kujengwa au bado wanaisalimia. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikavuta pazia, nikamuuliza mgeni, "Kaka, umekuja kwa shughuli gani?"

"Nimemjia huyu," akajibu, akimtazama kinyozi kwenye kioo. Nikarudi kwa mteja wangu.

Niliyoelezwa baadaye lazima niyaseme hapa, la sivyo utawaona wote wawili wapumbavu. Katika mji ule, habari ya kifo haisemwi kwenye simu. Kwao ni sawa na kumtupa aliyekufa. Anatumwa mtu aende kwa miguu yake, na akifika haropoki. Anasalimia, anakaa, anangoja. Mwenyeji akiona mgeni wa ghafla asiyegusa maji anajua kuna jambo, akishajikaza kifua ndipo anauliza mwenyewe, "Umeniletea nini?" Hapo tu mjumbe anafungua kinywa. Watoto wa kule wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma, na kinyozi alilijua pia. Lakini kwetu mwenye jambo analisema akiwa bado mlangoni, na kinyozi alikuwa ameishi kwetu muda mrefu mno. Alimwona ndugu yake kimya, akaamini hakuna kitu.

Basi mmoja akangoja kuulizwa, mwingine akangoja kuambiwa. Kichwa kikaisha, ndevu zikaisha. Kinyozi akampaka spiriti, akampaka poda, akakaribisha mteja mwingine. Mgeni akahamia kwenye benchi, koti magotini, macho kwenye saa ya ukutani. Saa sita ikafika, ikapita. Akafumba macho, na machozi yakatoka hivyo hivyo.

Niliyaona. Nikamwacha mteja wangu na kichwa nusu. "Kaka Taratibu, zima hiyo mashine," nikasema. "Muulize ndugu yako amekuja kufanya nini."

Akazima. Alimtazama binamu kwenye kioo, kisha akageuka kumtazama uso kwa uso, nami nikaona jinsi alivyokuwa anakumbuka.

"Umeniletea nini?"

"Mama," binamu akasema. "Jana mchana. Wazee walitaka azikwe leo. Dada yako akagoma, akasema wewe usubiriwe siku moja. Ni kesho asubuhi."

"Na umekaa hapa muda wote huu?"

"Hukuniuliza, ndugu yangu."

Alilia amesimama, mashine bado mkononi. Mteja aliyenyolewa upande mmoja aliondoka kimya kimya na kichwa chake kilivyo. Nikafunga mlango, nikafanya kile ambacho mji wetu unakiweza: nikampigia simu kila dereva ambaye mke wake nimewahi kumsuka, nikabembeleza, nikatukana. Magari madogo yote yalikuwa safarini, na simu ya dada yake ilikuwa imezimwa. Jioni tukapata lori la saruji, wakajibana wawili mbele na dereva. Lori lenye mzigo halina mbio, hata ulipigie magoti. Nilirudi kwenye pazia langu nikiwachukia wote: mji wao na adabu zake, na mji wetu uliomfanya mtu asahau kuuliza.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe aliporudi, polepole, kwa vipande. Walishushwa barabara kuu jua limeshapanda, wakakimbia. Kwenye kona ya mtaa wao wakakutana na wanaume wanarudi, majembe begani, udongo bado mbichi. Walimsalimia salamu zote. Aliwajibu zote, kwa sababu kule humpiti mtu mzima hivi hivi, na wakati wote alitamani kupiga kelele.

Nyumbani wafiwa walikuwa wamekaa chini katika chumba cha mama. Akavua viatu aingie akae nao. Dada yake akainuka, akamshika mkono kwa upole, akamtoa hadi ukumbini palipopangwa viti vya watu waliokuja kutoa pole.

"Dada, mimi ni mwanawe," alimwambia.

"Najua, mdogo wangu. Tulikungoja. Sasa tumeshazika, na mimi sina nguvu ya kuanza kilio upya. Asiyewahi kaburini hukaa na wageni; kaa hapa."

Akakaa. Mzee mmoja asiyemfahamu, kiti cha jirani, akampa pole ya safari, akamuuliza kwa heshima ametokea mji gani. Naye akautaja wetu.