Siku Niliyomkata Mama Kama Mgomba

Laptop yangu ni nzee. Ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kumenya kahawa, na ukiiacha dakika kumi unaweza kuiwekea sufuria juu ukapika mtori ukaiva, ndizi na nyama. Niliachiwa na mgeni mmoja niliyempikia mlimani, mimi ni mpishi wa wapanda mlima. Aliniambia ni zawadi. Nadhani alichoka kuibeba.

Shule sikuiona sana. Niliipita tu nikielekea kuchunga mbuzi. Lakini namba nazijua, na kwa simu binti yangu alinifundisha kufungua picha na video. Video ya kwanza aliyoniwekea kwenye laptop alipokuja nyumbani ni ya mama, wiki mbili kabla hajafariki. Tuliichukua kwa simu yangu, na hiyo simu baadaye iliangukia ndoo ya maziwa ikafa kifo cha utajiri. Kwa hiyo mama alibaki sehemu moja tu duniani: ndani ya ile mashine.

Sasa, Alhamisi moja asubuhi dada yangu mkubwa akapiga simu kutoka Kahe, kule chini tambarare.

"We mtoto, mguu umepona. Jumamosi napanda huko Uru. Hiyo video bado unayo?"

"Ninayo dada. Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Shikamoo hainiponyi. Nataka kumsikia mama."

Dada hakumzika mama. Siku ile alikuwa hospitali, mguu umefungwa vyuma, na tangu hapo mwaka wa pili huu ana neno moja linamla: kwamba mama aliondoka amemnunia. Mimi nilimwambia, "Mama alikutaja, nimemrekodi, utasikia mwenyewe." Akaning'ang'ania hapo. Mtu mzima anapona mguu kwa ajili ya video.

Nikasema ngoja niijaribu mapema. Nikaifungua. Mashine ikanguruma, ikaganda, ikaleta maandishi, ikazima. Nikawasha tena, vile vile. Nikampigia binti yangu kazini kwake Dodoma.

"Baba, imejaa hiyo. Haina hata pa kuvutia pumzi. Unaona mstari mwekundu?"

"Mwekundu kama pilipili."

"Basi punguza vitu. Vipange kwa tarehe, ufute usivyohitaji. Baba, bosi anaingia, nakupenda." Akakata.

Nikavipanga kama alivyonielekeza. Kumbe ukivipanga hivyo picha zinatoweka, vinabaki vijistari vya namba na tarehe, vya zamani juu. Nikakaa nikaviangalia. Nikajiambia, kupunguza ndiyo kazi yangu tangu sijaota meno. Kihamba chetu, shamba la nyumbani, kina migomba mingi kuliko watu wa Moshi mjini, na kanuni ni moja: kila shina unaacha watatu, mama, mtoto na mjukuu. Mama akishazaa mkungu unamkata, watoto wapate hewa. Mkubwa ndiye anaondoka. Hata mtoto wa miaka mitano wa Uru anajua.

Nikashika kitufe cha kufuta. Tarehe za zamani, kata. Inayofuata, kata. Nilikata mistari ishirini, nikipiga na mluzi.

Halafu nikarudisha picha ili nimtafute mama na kile kilemba chake cha bluu.

Hayupo.

Nikashuka mpaka chini, nikapanda mpaka juu. Na ule mstari bado ulikuwa mwekundu vile vile! Nimemkata mama yangu mzazi, na nafasi sikupata.

Mke wangu akaniuliza mbona nimekaa kama kuku aliyelowa mvua. Nikamwambia kichwa kinauma. Chakula kikanishinda, mimi ambaye nimewahi kumaliza mguu wa mbuzi nikiwa naumwa malaria. Nilijaribu kufikiria nitamwambia dada nini. Kwamba mama alikutaja, lakini nimemfuta? Mtu gani ataamini?

Ijumaa asubuhi nikaifunga laptop kwa kitenge kama mtoto wa siku tatu, nikapanda bodaboda hadi Soweto, mtaa wa Moshi mjini, kwa fundi mmoja mama wa makamo mwenye kibanda cha kompyuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nimemuua mama yangu."

Akaniangalia. Nikamsimulia yote, na migomba yake. Akacheka hadi akavua miwani. Mimi sikucheka, na mimi hucheka hata msibani.

"Baba, kile kipicha cha pipa la taka hapo pembeni, ulikimwaga?"

"Pipa? Sikuligusa."

"Hata kidogo?"

"Mama, sisi mgomba tukishaukata hatuutupi nje. Tunaukatakata tunautandaza pale pale chini, unaoza kwenye shina."

"Ndiyo maana mstari haujapungua. Umekata, ukaacha shambani." Akabonyeza mara mbili. Nikaona kilemba cha bluu. Nikakalia boksi la waya.

"Sasa usishangilie," akasema. "Tukimrudisha bado pamejaa, na haitacheza. Lazima kitu kitoke kweli. Hii video kubwa ya saa nzima ni ya nini?"

"Hiyo ni mimi. Nawasimulia wageni kambini nilivyomfukuza chui kwa mwiko."

"Saa nzima?"

"Hapo nilikuwa nafupisha."

"Na hizi picha mia nne?"

"Mimi na sufuria."

Akaninyooshea kipanya cha kompyuta nichague mwenyewe. Nikaifuta hadithi ya chui. Nikazifuta sufuria zote, hata ile picha ambayo mlima ulikuwa umetulia nyuma yangu kama mke wa pili.

"Nikilimwaga hili pipa, baba, hakuna fundi wa kukurudishia."

"Mama ametoka humo?"

"Ametoka."

"Angalia tena."

Aliangalia mara tatu. Mara ya nne akaniambia niende nje. Nilisikia mlio kama karatasi inachanwa, nikashika ukuta.

Jumamosi dada akafika na fimbo yake na mchele wa Kahe. Hakutaka chai. Nikawasha, na mashine ikanguruma muda mrefu, nikahesabu vidole vya mikono na vya miguu. Mama akatokea, amekaa jikoni anamenya ndizi.

"Huyo wa Kahe mwambieni asipande mlima na mguu ule," akasema mama. "Mimi sijamnunia. Amekula lakini?"

Dada akafunika mdomo kwa khanga.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Kila nikinyoosha kidole nakichunga kwa macho, maana kile kitufe cha kufuta kiko jirani kabisa. Mara ya tano akafuta macho, akanigeukia.

"Na zile picha zako za sufuria ziko wapi?"

"Nimezikata, dada. Na ya chui pia."

"Afadhali. Yule chui alikuwa anakua kila mwaka. Rudisha."

Nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza, abonyeze mwenyewe. Mikono yangu nikaikalia.