Bikira Maria wa Dola Moja

Haya yalinikuta mbele ya wakwe zangu, kanisani, kando ya jeneza, na hadi leo nikiona mtu wa parokia ile pale Koekelberg, hapa Brussels, navuka barabara.

Mama mkwe wangu alikuwa na saratani, madaktari walishatuambia tujiandae. Alikuwa hanipendi (alitaka binti yake Clarisse aolewe na daktari, akapata mimi, msafishaji wa ofisi), donc, basi, Jumapili moja natafuta zawadi ya kumpendeza, sokoni Flagey nikaona kwa muuza vitu vya zamani medali ya rangi ya dhahabu ndani ya fremu ya bati, na mkufu wake: mwanamke anatazama nyuma, mtoto amelala mgongoni. Nikasema huyu ni Maria, tena amebeba Yesu kama mama zetu wa Bukavu wanavyobeba. Pembeni imeandikwa God. Kiingereza sijui, lakini hilo neno nani asiyelijua? Sikuuliza kitu, nikalipa.

Maman alipoiona akalia.

"Huyu anafanana na mimi wakati tunakimbia vita," akasema, na kwa mara ya kwanza akaniita mwanangu.

Akawa anaibusu kila jioni, wamama wa maombi wakija wanaipitisha kwenye paji la uso wake, na ndivyo alivyokufa, ameishika.

Bon. Siku ya mazishi wakamvisha shingoni, na kiongozi wa wamama akanipa maikrofoni nieleze ile medali. Ningesema asante nikakaa. Lakini mimi nikaeleza, nikaeleza vile Maria alivyokimbilia Misri na mtoto mgongoni, watu wanalia, mimi mwenyewe nalia, hadi shemeji yangu Aline, aliyefika asubuhi ile kutoka Marekani, akainama juu ya mama yake, akaitazama, akaninong'oneza (na maikrofoni iko wazi):

"Shemeji, huyu si Maria. Hii ni dola."

"Imeandikwa God," nikasema.

"Sarafu zote za kule zimeandikwa hivyo. Huyu ni mwanamke wa wenyeji wa Marekani, zamani aliwaongoza wazungu safarini, mtoto wake mgongoni."

Akaibandua kwenye fremu kwa ukucha, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na ndege amekunjua mabawa. Nikasema ni njiwa, Roho Mtakatifu. Alikuwa tai, na hapo hapo imeandikwa dola moja. Huko viti vya nyuma mtu akacheka.

Papa mkwe akasimama polepole.

"Donc mke wangu amekufa anaomba feza," akasema. Hakupaza sauti.

Nikataka kusema sikujua, maikrofoni ikapiga kelele, nikaizima. Clarisse alikuwa anatazama sakafu. Aline akaniwekea ile sarafu mkononi, jeneza likafungwa, na papa akamwita jirani yake ashike upande niliopangiwa mimi kubeba.

Makaburini nilisimama karibu na magari. Clarisse aliondoka na baba yake, akakaa kwao hadi matanga yakaisha, na aliporudi aliniambia neno moja tu:

"Ungeuliza."

Sasa nikienda kumwona mgonjwa napeleka machungwa, nayaweka mezani, sielezi kitu.