Bomba la Moshi la Bibi Raheli

Hakuna bomba la moshi lililowahi kumshinda Devota, fundi majiko wa Nzuguni, lakini hili la matofali la Bibi Raheli kule Mkonze lilimpandisha mori. Moshi wote ulirudi jikoni! Akalisafisha kutokea chini, wapi. Akapanda juu ya bati, mara akapiga ukelele:

"Bibi! Nani kaliziba bomba kwa chungu?"

"Mimi, mjukuu wangu. Mvua zikikaribia, kwenye nyumba ya tembe ya mama tulikuwa tukifunika tundu la moshi hivyo hivyo."

Devota akacheka mpaka bati likatikisika. Akaomba mawe matatu, akayapanga mdomoni mwa bomba, akakipachika chungu juu yake. Moshi ukachomoka kwa kasi.

Bibi akapiga vigelegele. "Kumbe chungu kilikuwa kinadai mafiga yake!"